Kipande cha Mchomaji

Mimi ni mchoma nyama hapa Ihumwa, kwenye baa iliyo karibu na reli. Siku hizi mteja akinichekea, natazama kwanza kaunta. Sababu ni Jordan, meneja wetu. Amepiga marufuku tipu, hata kipande cha nyama. Mteja akitaka kutoa asante atie kwenye sanduku pale kaunta, na ufunguo anao Jordan. Halafu hutuma watu wake wajifanye wateja, watupime. Paulina, mhudumu mwenzangu, alipokea hela ya soda kwa baba mmoja mcheshi, kumbe binamu yake Jordan. Alifukuzwa aproni ikiwa bado kiunoni.

Mimi nikifukuzwa natoka na binti yangu, Angelina. Chumba tunacholala kiko nyuma ya baa, kinakwenda na kazi. Shamba letu wakubwa walilikata viwanja, wakasema fidia inakuja. Mama Angelina amekufa akiingojea.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, akaja mzee mmoja wa Bahi na ukoo wake, meza nzima. Wakaagiza mbuzi mzima. Nilipoweka sinia, mzee akakata ubavu, akaninyooshea huku anacheka.

"Haya, mchomaji. Anza wewe."

Kwetu ndivyo ilivyo, aliyechoma huonja mbele ya wageni, wajue nyama ni salama. Lakini huyu simjui. Na kicheko chake kilikuwa kingi mno, kama cha yule baba wa Paulina. Jordan kasimama kaunta, macho kwangu.

"Nimeshiba, mzee wangu."

"Mchoma nyama ameshiba! Basi mimi ni askofu." Meza ikacheka. "Shika bwana, mkono unachoka."

"Hapana, mzee. Haturuhusiwi."

Kicheko kikakatika. Mzee akaurudisha ubavu kwenye sinia, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Mmesikia?" akawaambia wenzake. "Aliyeichoma haili."

Mama mmoja akatema alichokuwa anatafuna. Meza ya pili wakauliza kuna nini, wakaambiwa, nao wakasukuma sahani.

"Kibudu hicho! Mbuzi kafa mwenyewe!" mtu akapaza sauti.

Jordan akaja mbio, anatabasamu kwa meno tu, akanigeukia mimi.

"Wewe, kula."

"Lakini bosi, si ulisema..."

"Kula!"

Nikala. Mafuta yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nikameza hata sijatafuna vizuri. Mzee wa Bahi akapiga meza kofi.

"Sasa huyo ndiye mtu!"

Watu wakavuta sahani zao. Yule mama aliyetema akaomba pilipili.

Jordan akanishika bega, akaniinamia sikioni kama anayenisifu.

"Umepokea mbele ya watu wote. Wageni wakiondoka, tutaongea."

Ndivyo walivyo hawa wenye funguo. Ukikataa una kosa, ukikubali una kosa. Nikatupa jicho nyuma ya baa. Angelina alikuwa anaanika sare zake za shule mlangoni petu.

Nikarudi kwenye jiko, nikaongeza makaa.

"Mzee wangu," nikamwita yule wa Bahi, "niwachomee na maini? Kaeni, kaeni. Bado mapema."