Alexis na Mama-buko Ndani ya Motokari

Kwa miaka sita ya ndoa, Alexis hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni. Ndivyo buko, yaani heshima ya ukwe, ilivyotaka kwao, kaskazini mwa Katanga: mwanamume hali pamoja na mama wa mkewe, hamshiki mkono, wala hakai naye kiti kimoja. Mama Ngoie alipokuja Élisabethville kwa treni ya Kamina ili aone mjukuu wake akibatizwa, Alexis alimwamkia akiwa nyuma ya mlango, na mama akaitikia huku akiangalia sufuria.

Taabu ilikuwa miguu ya yule mama. Ilikuwa imevimba, na kutoka nyumba yao katika mtaa wa Kenya mpaka kanisani si karibu. Alexis alikuwa seremala, naye alikuwa na motokari kuukuu aliyopewa na Mgiriki mmoja baada ya kumtengenezea milango ya duka. Wakapanga vizuri: jirani yao Donat ataendesha, Mama Ngoie atakaa mbele apate kunyoosha miguu, mkewe Wivine na mtoto watakaa nyuma, na Alexis mwenyewe atafuata kwa baiskeli.

Jumapili asubuhi Mama Ngoie akapandishwa kwa shida, Wivine akimvuta huku na jirani akimsukuma kule. Donat akaingia, akatoa gia, akashusha mkono wa breki. Ulishuka mlegevu, lakini motokari haikusogea hata kidogo. Wakasukuma. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamefungwa kama yamepigwa misumari.

"Alexis!" Donat akaita. "Breki ya mukono inakatala kuachia. Ni hii mvula."

Alexis hakuweza kusema na mama-buko, kwa hiyo akamgeukia mkewe. "Mwambie mama ashuke kwanza."

Wivine akapeleka neno dirishani, akarudi na jibu. "Anasema hashuki. Kupanda tu kumemuua."

Kiwanja chao kiliteremkia barabarani, na ng'ambo ya barabara palikuwa na mtaro mrefu wa maji. Alexis alijua kwamba ilimpasa aweke mawe mbele ya magurudumu. Lakini kwa kuyaweka angepita mbele ya kioo, machoni pa mama-buko. Aibu ikamshinda. Akazunguka nyuma, akalala chali, akajivuta chini ya motokari, miguu yake ikibaki nje.

Waya wa breki ulikuwa umeshika kutu ndani ya mrija wake. Akaumiminia mafuta, akagonga polepole kwa nyundo. Hakuna kitu.

"Ngoja nilete koleo kwangu," Donat akasema. Akashuka, akaacha mlango wazi.

Alexis akagonga tena, safari hii kwa hasira. Waya ukalia ta! Kwanza alifurahi. Kisha lile giza juu ya uso wake likaanza kutembea. Chuma kikapita juu ya pua yake, na mara akajikuta anatazama mbingu.

Wivine akapiga kelele. "Mama! Mama yangu we!"

Alexis hakukumbuka baadaye alivyosimama. Alikumbuka tu mlango ulio wazi ukimkimbia, na mkono wake ukiukamata. Akajirusha ndani, akaikanyaga breki ya mguu kwa nguvu zake zote. Motokari ikaruka, na Mama Ngoie akarushwa kuelekea kioo. Alexis akatupa mkono, akamdaka kifuani, akamvuta kwake.

Motokari ikasimama. Magurudumu ya mbele yalikuwa ukingoni mwa mtaro. Kitambaa cha kichwa cha mama kilikuwa kimeanguka, mvi zake ziko wazi, na uso wake uko shubiri moja kutoka uso wa mkwewe. Wakatazamana. Alexis alitaka kuondoa macho, yakakataa. Alitaka kuondoa mkono, ukakataa pia.

Watu walikuwa wametoka majumbani. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja aliyetoka upande wa kwao alijifunika uso kwa kanga.

"Samahani, mama," Alexis akanong'ona. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake ana kwa ana.

Mama Ngoie alihema. Mwishowe akasema, "Kumbe uko mutoto hivi. Miye nilizania uko muzee."

Donat akaja mbio, akasukuma mawe chini ya magurudumu, yote manne. Alipoambiwa aendeshe, akarudi nyuma akitikisa kichwa. "Hii motokari? Apana. Miye niko na watoto."

Kengele ya misa ikalia. Wivine alikuwa amekaa chini pale barabarani, mtoto kifuani, analia. Mama Ngoie akajifunga kitambaa chake, akatelemsha miguu, akasimama akiyumba.

"Utaniletea kuku mweupe, kusudi buko itulie," akamwambia Alexis, bila kupitia kwa binti yake. "Lakini ni kesho. Mwenye kulowa mvula haogopi umande. Leta mukono."

Wakaenda kwa miguu. Walipoingia kanisani wamechelewa, watu wa kaskazini waligeuka mmoja baada ya mwingine, vinywa wazi, wakimtazama mama mkwe aliyeegemea mkono wa mkwewe mchana kweupe. Alexis aliinamisha kichwa. Akaharakisha hatua, akajikwaa.

Mama Ngoie akambana mkono kidogo. "Tembea pole," akasema. "Ukianguka, tutaanguka wote wawili."