Ndege wa Abdulrahman

Kaka yangu Abdulrahman alikufa akiitwa mwongo, na hilo liliniuma kuliko kifo chenyewe. Kifo ni haki, kila nafsi itakionja. Lakini kuitwa mwongo, tena na kinyozi!

Alikuwa fundi cherehani hapa Chamazi. Kipupwe kimoja, zamani kidogo, alitoka uani asubuhi kwenda kunawa uso akamwona ndege chini ya mkorosho, kwenye kile kichaka chenye unyevu ambako maji ya bafuni hupotelea. Alirudi ndani mbio. Akamsimulia mkewe, akawasimulia wateja, akausimulia mtaa mzima. Maneno yalipomwishia akachukua vipande vya vitambaa akavishona vikawa utepe: satini ya kijani, mgongo huo. Rangi ya haradali, kifua. Nyekundu ya kanga ya kisutu, tumbo. Samawati inayong'aa, madoa ya mabawa. Nyeusi, kichwa. Utepe akautundika juu ya cherehani, na kila aliyeleta suruali kupunguzwa alisomewa ndege kwanza.

"Fundi, huyo ndege au bendera?" akauliza Mwishehe, kinyozi wa pale kona. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo kaka akawa Mzee Bendera. Kila kipupwe alikaa uani na kikombe chake cha chai akisubiri, na kila kipupwe ndege hakuja. Hata siku ya kumzika, sheikh alipouliza, kama inavyoulizwa, marehemu alikuwa mtu gani, watu walijibu "Mtu mwema," na huko nyuma mmoja akanong'ona, "Na bendera yake." Habari hiyo ilitufikia sisi wanawake ndani kabla udongo haujakauka. Wifi yangu Mwanaheri, mjane wa kaka, naye aliisikia.

Nikahamia kwake kumsaidia wakati wa eda. Mjane wa kwetu akiwa eda hatoki, hajipambi, na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa, hamwoni wala hasikii sauti yake. Basi wifi alishinda chumbani, dirisha la uani likiwa ndiyo dunia yake yote.

Asubuhi moja ya baridi nilikuwa namenya mihogo nikasikia, "Wifi Najma, njoo. Taratibu." Mie taratibu siijui. Nilikwenda na kishindo changu, na nilipofika dirishani nikakuta majani matupu. Wifi alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

Kesho yake nilivua ndala na kuziba mdomo kwa mtandio. Tukakaa. Jua lilipoanza kupenya kwenye mkorosho, jani moja pale chini likageuka, na chini ya jani akatokea yeye.

Sijui nisemeje. Alikuwa mdogo kuliko njiwa. Aliruka kwa miguu yote miwili, akasimama, akageuza jani lingine kwa mdomo kama mtu anayepekua nguo mnadani. Alipoinama niliona mgongo. Alipoinuka niliona tumbo. Nimezaliwa mji huu, nimeona maharusi na sikukuu zake, na sijapata kuona rangi zikikaa hai namna ile, juu ya tope la bafuni letu. Nililia tu. "Subhanallah," nikasema, na hata hilo nililisema moyoni.

Wifi alikuwa ameushika utepe wa mumewe kwenye nondo za dirisha, akilinganisha rangi moja baada ya nyingine.

"Hakukosea hata kipande kimoja," akasema. "Nataka wamwone, wifi. Wote waliomcheka. Ndege huyu akiondoka hawajamwona, Abdulrahman atabaki mwongo mpaka kiyama."

Nikampiga picha ndege kwa simu yangu, ikatoka picha ya majani. Nilipomwonyesha Mwishehe akasema, "Shangazi, hili jani." Nikamjibu neno ambalo siliandiki hapa.

Lakini binti yangu Munira aliituma picha ileile pamoja na rangi za utepe wa kaka kwenye kikundi cha watu wanaozunguka kutafuta ndege, na jioni akanipigia mmoja wao, Wilfred wa Kipawa. Alisema kuna watu wamemtafuta huyo ndege maisha yao yote. Alisema husafiri usiku, hupita juu ya mapaa yetu tukiwa tumelala, na wakati wa kipupwe hujificha kwenye vichaka vya pwani bila kutoa mlio. Usiku ule nilitazama dari muda mrefu, nikajiuliza kaka alikuwa amelala chini ya safari ngapi za namna hiyo bila kujua.

Jumamosi asubuhi Wilfred akaja na wenzake, na darubini shingoni. Niliwatandikia mikeka uani, migongo yao ikielekea dirisha la wifi, na pazia nikalishusha. Wifi ndiye aliyekuwa anakiona kichaka vizuri zaidi, kwa hiyo tulikubaliana angechungulia pembeni mwa pazia, na ndege akitokea agonge nondo kwa subana, kile kikofia cha chuma ambacho kaka alivaa kidoleni akishona. Wengine wote kimya. Nilisema mtu akikohoa nitamtoa kwa sikio.

Sasa nawe fikiri. Unapita mtaani asubuhi, unaona magari nje ya nyumba ya mjane, viatu vimerundikana mlangoni, watu wamekaa mikekani kimya wameinamisha vichwa. Utauliza? Msiba hauulizwi, huendewa.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu Eufrazia, mtu wa Lindi, kajifunga kanga kiunoni, sufuria la ubwabwa kichwani, na mdomo keshaufungua.

"Mwanaheri wee, umetuachaaa..."

Nikamrukia nikamziba mdomo kwa kiganja. Nyuma yake walikuwa wakiingia wanawake na mikeka, wanaume na turubai, na Mwishehe kabeba viti vyake vya saluni.

"Hajafa mtu!" nikanong'ona.

"Sasa nyie mmekaa nini?" akauliza Mwishehe.

"Tunamsubiri ndege."

"Ndege gani? Yule wa..." Akaanza kucheka. Nikakiangalia kichaka, nikaliangalia pazia, nikajua wifi anasikia kila kitu, na kwamba kicheko kimoja tu kingetosha kumfukuza ndege asirudi tena.

"Mwishehe," nikamwambia, "umekuja msibani. Msibani watu hukaa. Kaa!"

Akakaa. Wote wakakaa, kwa sababu hakuna mtu wa mtaa wetu anayejua namna ya kufika msibani akageuka palepale mlangoni. Turubai likalazwa chini, sufuria likatuliwa. Jua likapanda, wakaanza kutazamana. Mwishehe alikuwa anabana midomo. Nilikuwa nimeshaanza kumwomba Mungu radhi kwa nitakayomfanyia kinyozi yule.

Subana ikagonga. Ngo, ngo.

Akatokea palepale chini ya mkorosho. Aliruka mara moja, akaingia kwenye kipande cha jua, akasimama wima na kututazama, na tumbo lile la kisutu likawaka. Wilfred alikuwa na darubini kifuani na hakuinyanyua, machozi yanamtiririka. Eufrazia akafanya ishara ya msalaba. Nilimtazama Mwishehe. Alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili, na midomo yake ilikuwa inahesabu: kijani, haradali, nyekundu, samawati, nyeusi.

Kisha ndege akafungua mabawa, samawati ikapita mbele ya macho yetu, na kichaka kikabaki kichaka.

Hakuna aliyeinuka. Ndipo pazia likatikisika, na kutoka dirishani ikaja sauti ambayo wanaume wa mtaa hawakuwa wameisikia tangu siku ya maziko.

"Nawauliza. Marehemu alikuwa mtu gani?"

Mwishehe akasimama, hakugeuka kulitazama dirisha, kama heshima inavyotaka.

"Mkweli," akasema. Akarudia. "Alikuwa mkweli."

"Mkweli," wakaitikia wote, uani na mlangoni.

"Ahsanteni," akasema wifi. "Sasa ndiyo mmemzika."

Eufrazia akajishika kichwa, akakiachia kile kilio alichokuja nacho asubuhi, chote, na safari hii sikumziba mdomo.