Chombo Kisichokuwa na Kitu

Mizani yangu ndogo ilisoma kilo moja na gramu mia nne, na ndani ya chombo hamkuwa na kitu.

Nilikiinamisha, nikakitikisa. Dhiil ya ayeeyo, yaani bibi yangu, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi, kilitoa harufu ya moshi tu. Nilikuwa nimepiga magoti nyumbani kwake Eldas, vitu nilivyonunua Nairobi vimepangwa mbele yangu: hema la gramu mia tisa, kikombe chepesi kama karatasi, mswaki niliokata mpini. Ndiyo, niliukata. Ukizoea kupanda milima, hata mpini wa mswaki unauona adui.

Safari hii haikuwa ya mlima. Sharifo, dada wa ayeeyo, alikuwa mgonjwa katika bula moja, kijiji kidogo upande wa visimani. Alikuwa ametolewa hospitali, na kwa siku tano hakuwa ametia kitu kinywani. Mvua ilikuwa imekata barabara, pikapu zimenasa kwenye tope. Ayeeyo Bishara, mwenye miaka sabini na kitu, akasema tutakwenda kwa miguu, siku moja na nusu. Mbebaji ni mimi.

"Hiki kitupu ni cha nini, ayeeyo?"

"Kibebe tu, Ifrah. Utaona huko huko."

Nilidhani ni uzee. Alipotoka kutawadha, nikakisukuma uvunguni, nikaongeza maji mahali pake. Nilijiona mwerevu kweli.

Siku nzima ayeeyo alitembea mbele bila kugeuka, ndara miguuni, na mimi na viatu vyangu vya bei tukamfuata tukihema. Sikujali. Mvua ilikuwa imeigeuza nchi. Majani yalikuwa yamechomoza kwenye udongo mwekundu, vipepeo weupe walipita kwa maelfu, na madimbwi yalishika mbingu yote hadi macho yalipokoma. Miaka mingi nilikuwa nikiutafuta mshangao huo vileleni. Kumbe ulikuwa kwetu, kwenye tambarare. Nilisimama mara kadhaa nikasema "Subhanallah" kwa sauti, peke yangu.

Asubuhi ya pili tulisikia kengele za mbao, kisha ngamia wakatoka vichakani, arobaini au zaidi, wakitupita kwa utulivu. Mchungaji wao, kijana aliyejitaja kuwa Mowlid, alimsalimia ayeeyo kwa kirefu: ukoo, mvua, malisho, mgonjwa. Bila kuombwa akasimama kwa mguu mmoja, chombo pajani, akakama. Tulikunywa povu likiwa bado na joto.

"Haya, leteni cha mgonjwa," akasema.

Ayeeyo akaninyooshea mkono.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa amefunga zawadi yoyote kwa ajili ya dada yake, kwa sababu zawadi ilikuwa ikitembea huku malishoni, na alikuwa na hakika kwamba mtu asiyemjua angemjazia.

"Nimekiacha," nilisema. "Kilikuwa kizito."

Nikatoa mfuko wangu wa plastiki wa maji. Ayeeyo aliunusa, akaisikia dawa ya kusafishia maji, akanirudishia. "Harufu ya hospitali. Sharifo hatausogelea."

Hakuna aliyenigombeza, na nilitamani wanigombeze. Mowlid alikitazama chombo chake, akamrudia ngamia, akakijaza mpaka shingoni. Alikifunika, akanikabidhi.

"Na wewe utanywea nini?" nikamuuliza.

Akakunja viganja viwili. "Hivi, abaayo, dada yangu. Nitapita Eldas mvua zikiisha, inshallah. Kibebe wima."

Nilikibeba mikononi kwa saa nne. Mkoba ulikuwa mgongoni na wala sikuuhisi. Halikumwagika tone.

Sharifo alikuwa amelala ubavu, uso umeelekea ukutani, mwembamba hata nikaogopa. Ayeeyo hakumbembeleza. Alifungua kifuniko karibu na pua yake, akangoja. Kwetu kila nyumba hufukiza vyombo vyake kwa mti wake, na moshi wa akina Mowlid ukakienea kibanda kizima.

"Huu si moshi wetu," Sharifo alisema hatimaye. "Ni wa nani?"

"Wa mtoto wa watu. Kunywa."

Akageuka. Nilihesabu mafunda saba, kisha machozi yakanizuia kuhesabu.

Ni miaka mitatu sasa. Sharifo yu hai, na ana maneno kuliko zamani. Mowlid alikuja kweli mvua zilipokwisha, na ayeeyo alimrudishia chombo chake kikiwa kimejaa samli. Ile dhiil ya uvunguni alinipa mimi bila kunieleza kitu.

Kesho napanda Mlima Kenya na wenzangu. Jioni hii mmoja wao alikuwa akinitazama nikipakia, akaiona dhiil juu ya hema, akainyanyua na kushangaa uzito wake.

"Una nini humu ndani?"

"Bado," nikamwambia.