Mizizi ya Mzee Rula

Mzee Rula alipostaafu, alihamia kwa binti yake na sanduku moja la nguo, mkoba wa penseli na pimamaji. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya maji. Jina la Rula alipewa huko na wenzake, kwa sababu hata saini yake ilinyooka kama imepigiwa mstari.

Wiki ya kwanza alinyoosha picha zote za ukutani. Wiki ya pili alipima rafu ya jikoni, akagundua imeinama kidogo upande wa kushoto, akaishusha na vyombo vyake vyote. Wiki ya tatu mkwe wake, mtu mpole asiye na maneno mengi, aliingia chumbani akakuta kitanda kimesogezwa ili kilingane na dirisha.

"Baba yako ni mtu mzuri sana," alimwambia mkewe. "Mtafutie kazi."

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, alikuwa na karakana ya kuchapa skafu. Kilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka lake: meza ndefu iliyotandikwa blanketi na turubai juu yake, fremu za wavu zimeegemezwa ukutani, ndoo za rangi, na kamba za kuanikia zilizopita juu ya vichwa, hivi kwamba mtu mrefu alitembea humo kwa kuinamainama. Mfanyakazi wake alikuwa mmoja tu, fundi cherehani wa kukunja pindo, mama wa makamo mwenye maoni juu ya kila kitu. Zamani walikuwa pia na mchoraji, binti mwenye kipaji, lakini alichukuliwa na karakana ya ng'ambo ya barabara, iliyomwahidi feni yake peke yake.

Aliondoka wakati mbaya. Mwaka mzima uliotangulia kila mwanamke alitaka skafu ya chui, na Mama Pacha alichapa chui mpaka akawa anamwona ndotoni. Kisha, ndani ya wiki mbili, chui akafa. Hakuna aliyejua nani kamuua. Wateja walipita mbele ya rafu wakiyatazama yale madoa kama wanatazama upele. Yakaja majani mapana, yakakaa mwezi. Ikaja minyororo ya dhahabu na hatamu za farasi, ingawa mjini hapakuwa na farasi hata mmoja. Sasa wateja walikuja wameshika simu, wakionyesha kitu kipya: mistari myembamba, rangi mbili au tatu, na picha isiyojulikana ni ya nini.

"Iwe kitu ambacho mtu akikiona ajiulize ni nini," alieleza mteja mmoja, mwalimu wa sekondari, "lakini aone haya kuuliza."

"Hicho kinachorwaje?" fundi cherehani aliuliza baada ya mwalimu kutoka.

Mama Pacha hakujua. Kwa kuanzia alimpa baba yake kazi rahisi, maua ya waridi, ili upatikane angalau mzigo wa kuweka dirishani.

Mzee Rula alilishika jambo hilo kwa uzito. Alivaa miwani, akachonga penseli tatu, akatoa bikari. Saa nne baadaye alileta waridi lake. Mama Pacha na fundi cherehani waliinamia karatasi.

"Baba, ni zuri," Mama Pacha alisema. "Ila linafanana kidogo na nati."

"Nati?"

"Ile ya kukazia bolti."

"Lina petali sita," alisema Mzee Rula. "Kila moja nyuzi sitini. Hakuna petali iliyodhulumiwa."

"Ndiyo, Baba. Lakini maua huwa yanadhulumiana kidogo."

Alirudi mezani. Waridi la pili lilitoka kama gia ya baiskeli. La tatu lilikuwa na shina lililonyooka kiasi kwamba fundi cherehani aliuliza kama ni nguzo ya umeme. Mzee hakukasirika. Alikunja karatasi zake taratibu, akasema kichwa kinamgonga, akaenda kukaa nyuma ya karakana karibu na ndoo. Binti yake alimwona kupitia mlangoni, amekaa ameshika magoti, akajisikia vibaya. Mtu aliyechora mji mzima sasa alikuwa ameshindwa na ua.

Siku mbili hakuchora. Siku ya tatu Mama Pacha alikwenda kununua kitambaa, akamwacha peke yake na karatasi kubwa. Mkono wa Mzee ukaanza kujiendea wenyewe. Ulianzia juu kwenye duara, ukashusha mstari mnene wa buluu, mstari ukatoa matawi, matawi yakatoa vitawi, na kila palipokutana mistari miwili aliweka kiua chekundu, kwa sababu aliambiwa maua yanatakiwa. Alipiga mluzi. Fundi cherehani, aliyekuwa mbele dukani, alisema baadaye kwamba hakuwahi kumsikia akipiga mluzi, na kwamba hata mluzi wake ulinyooka.

Mama Pacha aliporudi alisimama juu ya karatasi ile, mfuko wa kitambaa bado mkononi.

"Baba, hii ni nini?"

Mzee Rula alisita. Ilikuwa mabomba ya maji ya mji wa zamani, kuanzia tangi la mlimani mpaka kituo cha zimamoto, yote yalivyolala ardhini, kwa vipimo. Lakini uso wa binti yake ulikuwa umechangamka, na alikuwa hajauona hivyo tangu ahamie.

"Mizizi," alisema.

"Mizizi," Mama Pacha alirudia. "Hiyo ndiyo yenyewe."

Mchoro ulijaza robo tu ya skafu. Mama Pacha akafanya wafanyavyo wachapaji: aliugeuza kushoto kwenda kulia, kisha juu kwenda chini, ili pembe zote nne zilingane. Akachapa kwenye kitambaa cha rangi ya maziwa, na wiki iliyofuata akazitundika skafu dirishani.

Zilikwenda kama maji. Mwalimu wa sekondari alichukua mbili. Muuguzi mmoja alisema ni mishipa ya moyo, akanunulia wodi nzima. Mwanamke mwingine aliona mistari ya kiganja, akadai ameuona mstari wa ndoa yake na kwamba umekatika mahali ambapo alitarajia. Ilivaliwa kichwani, shingoni, begani, ikafungwa kwenye mikoba. Karakana ya ng'ambo ya barabara, pamoja na feni yake, ilijaribu kuiga, lakini mistari ya yule binti ilipinda kwa uzuri, na msimu huo uzuri wa kupinda haukutakiwa. Mzee Rula alikuwa anaulizwa na wateja anapata wapi mawazo. Alijibu kwamba yanatoka chini chini, na watu waliona ni mtu wa kina.

Ilimtesa kidogo, ule uongo. Kila binti yake alipotamka neno "mizizi" mbele ya mteja, Mzee alijifanya anatafuta kifutio.

Katika ofisi ya maji, wakati huohuo, kulikuwa na injinia kijana asiyelala vizuri. Bomba lilikuwa limepasuka mji wa zamani, barabara ilikuwa imegeuka kijito kwa wiki tatu, na koki ya kulifungia ilikuwa imefukiwa na lami mahali fulani. Mahali gani, ramani ingesema. Lakini ramani zote za zamani zilikuwa zimeliwa na mchwa. Waliacha majalada tu.

Asubuhi moja Injinia alisimama mapokezi akisaini kitabu. Alipoinua macho akaona, kwenye paji la uso la dada wa mapokezi, tangi la mlimani. Akafuata bomba kuu likizunguka sikio la kushoto.

"Injinia," dada wa mapokezi alisema baada ya muda, "unatazama nini?"

"Kichwa chako."

"Naona. Na mimi nina mchumba."

"Dada, hapana, samahani. Geuka kidogo. Nataka kuona bomba linapita wapi kisogoni."

Ilichukua maelezo mengi, na kwa siku kadhaa ofisini wengine hawakuyaamini. Mchana huo Injinia alikwenda kwa Mama Pacha akanunua skafu. Mama Pacha alimuuliza kama aifunge vizuri kwa zawadi.

"Ni ya mkeo?"

"Ya kazini," Injinia alisema, akaondoka haraka.

Aliitandaza juu ya boneti ya gari la ofisi, akaweka mawe kwenye pembe, akapima kwa shubiri. Mafundi wake walimtazama mkuu wao ameinamia mtandio wa kike katikati ya barabara, wakatazamana. Walichimba alipowaonyesha, mbele ya duka la dawa. Wakakuta mchanga. Akaigeuza skafu, akapima tena. Walichimba mbele ya saluni, wakakuta mchanga na kijiko. Akaigeuza mara nyingine. Shimo la tatu lilikuwa mlangoni mwa fundi viatu, ambaye wateja wake iliwabidi waingie kwa kurukia ubao.

Jioni Injinia aliingia karakanani ameshika skafu ina tope.

"Mama, skafu yenu ina makosa."

"Kama uzi umefumuka tunakubadilishia," alisema Mama Pacha.

"Uzi haujafumuka. Nimechimba mashimo matatu."

Fundi cherehani alisimamisha cherehani. Mama Pacha alimtazama kijana kwa makini, akaanza kurudi nyuma polepole kuelekea ndoo za rangi.

"Umechimba mashimo," alisema kwa upole, "kwa sababu ya skafu."

"Hii ni ramani ya mabomba ya mji wa zamani. Aliyechora anajua hata koki ya mtaa wa kwetu, ambayo tuliitafuta miaka miwili. Lakini kila mahali inaonyesha mara nne."

Mama Pacha akageuka. Mzee Rula alikuwa nyuma ya kamba za kuanikia, na miguu yake ilionekana chini ya skafu zilizoning'inia, imesimama sambamba.

"Baba. Uliniambia mizizi."

Mzee alitoka akiinama. "Ulifurahi sana, mwanangu. Sikuona sababu ya kuingiza mabomba."

"Nimeuza skafu mia nne. Nimemwambia mwalimu ni mizizi ya hekima."

"Ni maji safi lakini," Mzee alisema. "Maji machafu sikuyagusa."

Fundi cherehani alilazimika kutoka nje. Walimsikia akicheka mpaka kwenye kona.

Waliongozana wote mpaka mji wa zamani. Habari ilikuwa imetangulia, na watu walikuwa wamejipanga kandokando ya kijito, wanawake kadhaa wakiwa wamevaa ramani yenyewe. Mzee Rula aliishika skafu kwa ncha mbili.

"Robo ya juu kushoto ndiyo niliyochora mimi," alimwambia Injinia. "Hizo tatu nyingine ni za binti yangu, na yeye bomba halijui."

Injinia alipima kwenye robo ya kweli, akaweka alama ya chaki karibu na ngazi za duka la vitabu. Fundi mmoja akainua sururu. Mzee Rula akakohoa.

"Ngoja kwanza."

"Kuna nini, Mzee wangu?"

Mzee alitazama viatu vyake. Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, alisema kwa sauti ya chini.

"Si hapo hasa. Koki hiyo niliisogeza."

"Uliisogeza?"

"Kwenye mchoro. Kama mita nne hivi. Ilikaa vibaya pale, ilisongamana na kiua cha pembeni. Nikaona ikienda kulia kidogo itapendeza."

Injinia akafuta alama ya chaki kwa kiatu. Mama Pacha, aliyekuwa amejiandaa kukasirika tangu karakana, alijikuta anamshika baba yake mkono. Miaka thelathini na mmoja alichora ukweli mtupu, na siku moja, peke yake na karatasi, alidanganya kwa ajili ya ua.

"Ilipendeza kweli," alimwambia.

"Niliona," alisema Mzee.

Walichimba mita nne kushoto. Pigo la sita la sururu liligonga chuma. Wanaume wawili waliinyonga koki kwa spana ndefu, kijito kikapungua, kikawa uzi, kikakauka. Watu walipiga makofi, na fundi viatu akauliza ni nani atamfukia shimo lake.

Mama Pacha alitegemea kwamba kesho yake wateja wangerudisha skafu. Alirudisha mmoja tu, yule wa mstari wa ndoa, akisema hawezi kuishi na mume aliye kwenye bomba la zimamoto. Wengine walikuja kuuliza nyumba zao ziko wapi. Mtaa wa pili ulilalamika kwamba umeachwa, ukaagiza skafu yake. Injinia naye alikuja kuomba, kwa adabu sana, kwamba Mzee awe anakwenda ofisini asubuhi mbili kwa wiki kuchora upya ramani zilizoliwa, na kwamba huko asisogeze kitu. Mzee alikubali, kwa sharti kwamba alasiri asitafutwe. Alasiri alikuwa na maua yake, ambayo sasa yalianza kudhulumiana.

Siku moja, wanafunga duka, Mama Pacha alijifunga Mizizi kichwani, kisha akaivua tena akaitandaza mezani.

"Na sisi tuko wapi, Baba? Nyumba yetu."

Mzee alivaa miwani, akafuata mstari kwa kidole, akapita soko, akapita shule, akafika ukingoni kabisa. Akakwaruza pindo kwa kucha.

"Tumo humu ndani," alisema. "Fundi wako ametukunja."

Fundi cherehani, aliyekuwa anavaa viatu, alisema kama kuna mtu hapendi alivyokunjwa aje Jumatatu.