Kizibo Alipoamka

Timu ya Kocha ilikuwa na sheria moja ambayo haimo katika kitabu chochote cha mpira: mchezaji akiumia, mkoba wa dawa hungoja nje ya mstari mpaka maombi yaishe. Wachezaji wa pande zote mbili hupiga magoti, humwekea majeruhi mikono, Kocha huomba, watu huitikia amina, ndipo Nesi huingia.

Nesi alikuwa mke wa Kocha. Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika wodi ya majeruhi ya hospitali kubwa kwao, na sheria hiyo haikuwahi kumkera. Majeruhi wengi walikuwa wa vifundo vya miguu na vidole vilivyoteguka. "Maombi na barafu havigombani," alizoea kusema, akakaa na mkoba wake magotini akingoja.

Huo ulikuwa mwaka wa nne wa familia hiyo kuvuka mpaka kwa basi dogo la kanisa, na mipira arobaini na Biblia za mfukoni, kwenda nchi ya jirani ambako maisha yalikuwa yamewakaba watu kooni. Lugha ilikuwa ile ile, ila wenyeji waliivuta kidogo mwishoni. Asubuhi walifundisha mpira, alasiri walicheza, na baada ya mechi Kocha alihubiri kwa spika iliyofungwa juu ya basi. Mwaka huo mtoto wao wa pekee, aliyeitwa Mshale kwa mbio zake, alikuwa ametimiza miaka ishirini na ndiye aliyevaa namba tisa.

Wenyeji nao walikuwa na golikipa aliyejulikana mji mzima kwa jina la Kizibo. Alikuwa mfyatua matofali, mfupi, mpana, mikono yake imekakamaa kwa udongo, na mdomo wake haukujua kufungwa.

"Wewe Mshale," alimwambia kijana baada ya kudaka shuti lake la tatu, "kwani upinde umeuacha nyumbani?"

Watazamaji walicheka mpaka wakaegemeana. Mshale naye alicheka, lakini maneno yale yalimchoma.

Ilikuwa kama saa tisa alasiri mpira ulipopigwa juu kutoka pembeni. Kizibo alitoka kuudaka kwa mikono miwili. Mshale aliruka akiwa amechelewa, na goti lake likampata Kizibo juu ya sikio. Mlio ulikuwa mkavu, na Nesi aliusikia kutoka alipoketi. Golikipa alianguka chali, macho nusu wazi, weupe tupu.

Nesi alikwisha simama. Kocha aliinua kiganja bila kumtazama, naye akasimama pale pale kwenye mstari wa majivu na mkoba wake. Aliangalia saa yake kwa mazoea. Wachezaji walipiga magoti. Mshale alikuwa ameziba uso. Sauti ya Kocha ilipanda, umati ukaitikia, ikapanda tena. Dakika ya nne Kizibo alivuta pumzi kwa nguvu, akaketi, akawatazama watu wote wale waliomzunguka.

"Limeingia?" aliuliza.

Uwanja ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele, mchungaji mwenyeji akajitupa chini kifudifudi, na Mshale akamkumbatia Kizibo akilia kama aliyefunguliwa kamba. Mtu aliyekuwa maiti machoni pao alikuwa amekaa akitaka kujua kama amefungwa goli.

Nesi aliingia wakati huo. Alimmulika macho kwa tochi ya simu. Mboni zilikuwa sawa. Alimwuliza jina la mkewe, akalitaja, na akaongeza kwamba ni mkali kuliko refa. Kichwa kilimwuma kidogo tu, alisema.

Kule wodini kulikuwa na wagonjwa waliopewa jina lao. Mtu anapigwa kichwani, anazimika, anaamka, anaongea vizuri, anaomba hata chai. Ndani ya fuvu, mshipa unavuja taratibu. Saa chache baadaye anarudi chini, na safari hii haamki. Wauguzi waliwaita "waliorudia mzigo", kama msafiri aliyeondoka, akakumbuka alichosahau, akarejea nyumbani kukichukua tu. Si kila anayeamka huwa hivyo. Lakini kila anayeamka huangaliwa kana kwamba ni hivyo.

Alimvuta mumewe pembeni.

"Baba, huyu apelekwe hospitali akaangaliwe."

"Macho yake yakoje?"

"Yako sawa. Sawa ya sasa hivi."

"Hospitali ni mwendo wa saa tatu, ng'ambo ya mto. Na gari ni hili hili lenye spika." Kocha hakuwa amekasirika, uso wake uling'aa kwa furaha ambayo Nesi hakuwa ameiona kwa miaka mingi. "Mama, watu wote hawa wameona kwa macho yao. Tukimpakia sasa tukampeleka kwa daktari, tutakuwa tumewaambia nini?"

Kabla hajajibu, Mshale alifika. Jezi yake ilikuwa na damu kidogo ya sikio la Kizibo.

"Mama, kwani hajapona?"

Alimtazama. Dakika nne zile mwanawe alikuwa muuaji, na sasa hakuwa tena. Angesema neno moja tu, mzigo ule ungemrudia kijana mabegani.

"Amepona," alisema.

Kizibo hakurudi golini. Walimketisha kwenye kiti cha mbele, na mechi ilipoisha wakampa kipaza sauti. Alisimulia vizuri, akawachekesha watu, akasema huko alikokwenda hakukuwa na magoli bali nyasi nzuri sana. Watu walijipanga kuombewa. Katikati ya maneno yake alifumba macho, jua likamkera, akasahau alichokuwa anasema. Alirudisha kipaza sauti, akaenda nyuma ya basi kutapika.

Nesi alimfuata, akamkuta ameshika tairi.

"Chakula cha wageni, sista," Kizibo alisema akijifuta mdomo. "Tumbo la maskini halizoei kushiba."

Hapo Nesi alijua. Si kwa hakika ya kipimo, bali kwa ile ya mtu aliyekwisha kuona. Alimpa vidonge viwili vya maumivu.

Mkewe Kizibo alikuja kumchukua. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Alimshika Nesi mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Kuna la kufanya nyumbani, sista?"

Maneno ya kumjibu, Nesi alikuwa ameyasema kwa ndugu wa wagonjwa zaidi ya mara elfu, hata usingizini angeyasema: mwamshe kila baada ya saa mbili, na akikoroma vibaya au asipoamka, mkimbize hospitali bila kungoja asubuhi. Lakini kina mama wa kanisa walikuwa wamewazunguka, wakitega masikio, na Mshale alikuwa amemshika Kizibo bega kwa upendo wa mtu aliyesamehewa.

"Mshukuruni Mungu," alisema. "Apumzike."

Walimwona akiondoka kwa miguu yake, akimtania mchungaji njiani.

Kesho yake kulipopambazuka, mlango wa chumba chao kwenye nyumba ya wageni ya kanisa uligongwa polepole. Alikuwa mke wa Kizibo pamoja na mashemeji wawili. Hakuwa analia.

"Samahani kuwaamsha," alisema. "Nimekuja kumwita mzee. Mume wangu amelala kama vile jana uwanjani. Mje mumwamshe."

"Anapumua?" Nesi aliuliza.

"Nimeshindwa kusikia. Amepoa. Lakini hata jana mlisema alikuwa amekwenda, akarudi."

Kocha alivaa viatu bila soksi. Nesi alichukua mkoba, na njia nzima hakujua aliuchukulia nini. Mshale aliwafuata nyuma.

Nyumba ilikuwa chumba kimoja karibu na tanuri la matofali. Kizibo alikuwa amelazwa juu ya godoro, shuka limevutwa mpaka kifuani, na miguuni pake wamekaa watoto wawili. Nesi hakuhitaji tochi. Taya lilikuwa limekwisha kukaza. Alimtazama mumewe na kutikisa kichwa, lakini Kocha alikuwa amekwisha piga magoti, kiganja juu ya paji la uso la maiti, na akaanza kuomba. Nje majirani waliitikia. Aliomba kama alivyoomba jana, neno kwa neno, na aliporudi mwanzo mara ya tatu sauti yake ilianza kukwama.

Nesi alichuchumaa mbele ya mwanamke yule.

"Dada, hataamka. Jana hakufufuka. Aliamka kama wengi wanavyoamka, na damu ilikuwa inavuja ndani ya kichwa. Alitakiwa hospitali."

Mwanamke aliutazama mkoba, kisha akamtazama yeye.

"Ulijua lini?"

"Nilihofu toka mwanzo. Alipotapika, nikajua."

"Na gari lilikuwepo."

"Lilikuwepo."

"Na mimi nikakuuliza."

"Uliniuliza."

Mlangoni Mshale alisema, "Mama." Aligeuka akatoka, na watu waliokuwa wakiitikia nje wakampisha.

Kocha alikuwa bado anaomba, macho ameyafumba kwa nguvu, jasho likimtiririka, akimwagiza Kizibo ainuke. Mtoto mkubwa alisogea kichwani pa baba yake, akainama kumwangalia usoni, tayari.

"Mwambie mumeo anyamaze," mke wa Kizibo alisema. "Watoto wangu wanamwamini."

Nesi alimwita mumewe kwa jina, mara moja, mara mbili. Hakusikia, au hakutaka kusikia. Ndipo Nesi alipomwondolea mkono juu ya paji lile la uso na kumziba mdomo kwa kiganja chake, akamshika hivyo, akiisikia sauti ikiendelea kugonga kiganjani, mpaka ilipokoma.