Matone Matano ya Lenora

Saa mbili ya asubuhi ilikuwa haijafika, na Delphine Mabry alikuwa ameshamaliza vyumba vitatu. Kazi yake kwenye wodi ya wazazi ilikuwa moja: kupasha moto kisigino cha mtoto mchanga, kukifuta kwa spiriti, kukichoma, na kudondosha matone matano ya damu kwenye kadi ya serikali ya jimbo. Miaka kumi na tisa sasa. Mama akishtuka, Delphine alikuwa na maneno yake tayari.

"Ni kupima magonjwa tu, mpenzi. Wakishapima, kadi wanaichoma moto."

Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyoamini. Hata binti yake Lenora alipozaliwa, alimwomba muuguzi mwenzake sindano akamchoma mwenyewe, asije akaumizwa na mkono mgeni.

Saa ya chakula, wakili alimfuata kantini, theluji bado mabegani. Alikuwa akimtetea Dwight, baba yake Lenora, ambaye Delphine aliachana naye zamani. Dwight alikuwa amekamatwa wiki mbili nyuma kwa kuvunja duka la dawa, kosa la miaka kumi na tano iliyopita. Mwizi alijikata na kioo akaacha damu. Jinsi polisi walivyomfikia Dwight, hakuna aliyejua.

"Sasa tunajua," wakili alisema. Alisogeza bakuli la supu akaweka karatasi. "Soma hapo chini."

Delphine aliona jina la binti yake, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kadi.

"Hii ni ya Lenora."

"Ilikuwa kwenye ghala la jimbo. Polisi walimshuku Dwight ila hawakuwa na ushahidi wa kumpatia hakimu. Wakaomba damu ya mtoto. Wakapewa, wakailinganisha na ile ya kwenye kioo, ikaonyesha mwizi ni baba yake."

"Lenora ana miaka kumi na miwili."

"Kadi wanazihifadhi miaka ishirini na mitatu."

Delphine aliweka kidole juu ya ile namba. "Sisemi Dwight hakuiba," alisema. "Dwight namjua. Lakini shahidi wao ni mwanangu, na alitoa ushahidi kabla hajamaliza siku mbili duniani."

Supu aliiacha. Alipanda juu kwa Bi Hagedorn, mkuu wa wodi, akamkuta akipanga zamu.

"Uliniambia zinachomwa."

"Nilikwambia nilichoambiwa."

"Ukaja kujua lini?"

Bi Hagedorn aliinuka akafunga mlango. "Kama miaka sita. Ulikuja waraka. Sikiliza, Delphine, wazazi wakiogopa watakataa kipimo, na watoto watakufa. Unataka hayo?"

"Sitaki. Lakini miaka sita umeniacha nikiwadanganya watu kwa kinywa changu."

Chumba cha saba alikuwemo Marcella Oakes, dereva wa basi la shule, na mtoto wake wa kwanza. Delphine aliweka sinia chini, akavuta kiti.

"Kipimo kifanyike, mama. Nimeona watoto waliopona kwa sababu yake. Lakini kadi haichomwi. Inakaa kwa serikali, na polisi wanaweza kuiomba. Una haki ya kudai waiharibu wakishapima."

Marcella aliigeuza fomu huku na huku. "Mbona hapana pa kuandika hayo?"

"Hawakupaweka. Andika nyuma."

Marcella aliandika mistari minne, akatia sahihi, kisha akamshika mtoto mguu kisigino kichomwe. Jioni haijafika, habari zilikuwa zimemfikia Bi Hagedorn. Delphine aliambiwa arudishe kitambulisho na asubiri nyumbani mpaka aitwe. Alikirudisha.

Alimkuta Lenora jikoni akila mkate na siagi ya karanga. Hakuvua hata koti. Alimweleza yote, na msichana akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfungisha baba."

"Si wewe."

"Damu ni yangu."

"Damu yako, mkono wangu. Na wao walitudanganya sote wawili."

Lenora alisukuma sahani kando. "Waambie wairudishe."

"Nimewapigia simu watu wa ghala la jimbo nikiwa njiani. Wamesema niandike barua, kadi wataiharibu."

"Basi yataisha."

Delphine alivuta kiti akaketi mbele yake. Kumi na tisa ilikuwa miaka mingi ya kusema uongo, ujapokuwa uongo wa watu wengine.

"Kadi tu, mwanangu," alisema. "Walichokwisha kukisoma humo, wanabaki nacho."