Hatua Ishirini Kutoka kwa Kinyozi

Hakuwa na cheti cha ufundi. Hakuwa na meza, wala kompyuta, wala kiti ambacho angeweza kukiita chake. Kimo nacho hakuwa nacho. Akisimama nyuma ya kaunta ya ofisi ya maji, wateja waliona kofia tu. Na sasa hata muda hakuwa nao, kwa kuwa Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yake ya kustaafu.

Mali yake yote ilikuwa kichwani: valvu mia mbili na kumi na saba za kufungia maji, zilizofukiwa chini ya mji. Ramani ya ofisi ilikwisha kuliwa na mchwa, hivyo bomba likipasuka waliitana, "Mwiteni Mzee Koki!" Naye alifika, akahesabu hatua zake, akapiga kisigino chini. "Chimbeni hapa." Hakukosea hata mara moja. Na kwa miaka thelathini na moja hakumwambia mtu hesabu hizo, kwa hofu kwamba wakishazijua watamwonyesha mlango.

Jumatatu ikaja barua kutoka makao makuu. Kila tawi liliruhusiwa kumbakiza mstaafu mmoja kwa mwaka mmoja zaidi, awafundishe wenzake, mradi aandike ujuzi wake, kisha mtu mwingine aujaribu. Maombi yapelekwe posta kabla ya Ijumaa jioni.

Mzee Koki aliitaka nafasi ile mno. Mkewe aliitaka kumzidi.

"Andika, mume wangu, andika!" alisema. "Likizo ya wiki mbili tu ulinipangia sufuria upya kwa ukubwa. Ukikaa nyumbani mwaka, mimi nahamia kwa dada."

Akaandika siku tatu, kwa hati safi, akajaza daftari zima. Alhamisi asubuhi akamkabidhi mkuu wa tawi, mhandisi mwanamke mrefu kama nguzo ya umeme.

Mhandisi akachagua valvu ya wodi ya wazazi. "Hatua ishirini kutoka mlango wa kinyozi, kuelekea stendi," akasoma, akatembea. Mafundi wakachimba hadi kiunoni, wakapata kandambili moja. Wakajaribu valvu ya sokoni: mchanga mtupu. Wakarudi kwa kinyozi, wakapanua shimo.

Kinyozi akatoka na wembe mkononi. "Jamani, mnatafuta maji au mnanichimbia kaburi?"

Mhandisi akafunga daftari. "Mzee wangu, nitasainije kitu kisichofanya kazi?"

Mzee akalichukua daftari. Alisoma mistari yake mara mbili. Haikuwa na kosa. "Hebu tembea tena, mwanangu, nikuone."

Akatembea. Mzee akamtazama miguu, akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa juu ya lundo la udongo.

"Sasa kinachochekesha nini, baba?"

"Miguu hiyo! Hatua yako moja, mimi natembea karibu mbili! Hizo ni hatua zangu, mama. Ukizihesabu wewe, utatokea mji wa pili!"

Ikaletwa tepu ya kupimia. Mzee akapakwa chaki kwenye soli, akaambiwa atembee barazani. Kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, akatembea kama bwana harusi.

"Acha kujitanua!" kinyozi akapiga kelele. "Tembea kama siku zote!"

Akatembea kama siku zote: sentimita hamsini na sita. Mhandisi akazidisha, akapima mita kumi na moja na kidogo, chepe likashuka, likagonga chuma. Kinyozi ndiye aliyeshangilia kuliko wote.

Wakarudi ofisini; ikabaki kugeuza hatua zote kuwa mita. Mzee alisoma, mhandisi akazidisha, karani akaandika, na mafundi wakajazana mlangoni na maswali. "Hii ya shuleni kwa nini hukwama?" "Hufungwa kwa kuizungusha kushoto, bwana, aliyeiweka alikuwa na haraka!" Mzee hakuwa amejua kwamba kusimulia kulikuwa kutamu namna ile.

Ijumaa saa tisa mhandisi akasaini barua ya maombi.

"Na wakikataa?" mzee akauliza.

"Nakala wanazo mafundi wote, kwa hiyo maji yatatoka. Ila sisi tunakutaka wewe, na nimewaandikia hivyo hivyo."

Mzee akaomba bahasha. Akaikunja barua na kuitia kwenye bahasha pamoja na daftari, akalamba gundi, akaibana kwa kiganja mezani. Kisha akaibeba mwenyewe hadi posta, akaitazama anwani mara ya mwisho, akaisukuma sandukuni mpaka aliposikia imetua chini.